Geji ya joto ya pikapu: inasema kweli au inadanganya?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari

Barua za toleo hili zote zinahusu kitu kimoja: ule mshale mdogo wa joto la maji ya injini, kati ya C (baridi) na H (moto). Tumezifupisha bila kugusa maana. Wasomaji wengi walikuwa wameshanunua vifaa kabla ya kupima chochote, na kwa geji ya joto hilo ndilo linalokula pesa kuliko ubovu wenyewe.

Swali: Shikamooni mafundi. Nina Hilux ya zamani, LN106, injini ya 3L ya dizeli. Siku hizi mshale wa joto unapanda hadi karibu na H dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha. Maji hayapungui, nguvu ipo, na mpira wa juu wa rejeta bado unashikika kwa mkono. Fundi wa kwanza alitoa thamostati (vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta), haikusaidia. Wa pili anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekufa, tufungue. Nianzie wapi? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Hedi iache mahali pake kwanza. Bonge la chuma la injini ya 2.8 pamoja na maji yake haliwezi kutoka kwenye baridi hadi joto la hatari kwa dakika mbili tatu, tena likiwa limesimama. Mshale unaotangulia joto lenyewe unasukumwa na umeme. Hata hivyo usichukue neno letu, pima.

Kesho asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua swichi hadi ON bila kupiga stata. Utazame mshale kwa dakika nzima, kwa sababu geji nyingi za zamani zina kipande cha metali mbili kinachojikunja taratibu kikipata moto na hazikurupuki. Injini ni ya baridi, hivyo mshale unapaswa kulala C. Ukianza kupanda, kesi ya gasketi imefutwa, na unashughulika na waya, senda (kifaa kinachopima joto la maji) au dashibodi.

Ili ujue wapi, elewa njia ya umeme. Inatoka kwenye swichi, inapita kwenye fyuzi iliyoandikwa GAUGE, inaingia kwenye geji, kisha inashuka kwa waya mmoja hadi kwenye senda iliyofungwa kwenye njia ya maji, mbele ya injini karibu na nyumba ya thamostati. Senda inaipeleka ethi, yaani chuma cha gari kilichoungwa na negativu ya betri, kupitia mwili wake na uzi wake. Ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hupungua joto linapoongezeka. Maji yakiwa baridi umeme unapita kidogo na mshale unalala. Maji yakipata moto umeme unapita mwingi na mshale unapanda. Kwa hiyo waya uliokatika utaonyesha baridi siku zote, na waya uliochubuka ukagusa bodi utaonyesha H hata kama rejeta ina barafu. Ukiishika kanuni hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa chomoa waya wa senda, hakikisha haugusi chuma chochote, kisha fungua swichi ON. Mshale ukishuka hadi C na kukaa huko, geji na waya ni wazima na mshitakiwa ni senda. Ukibaki juu, senda haina kosa: kuna mahali waya unagusa ethi, au geji yenyewe imeharibika.

Hapo mafundi wengi hushika waya na kuugusisha moja kwa moja kwenye bloku waone kama mshale unapanda. Jibu utalipata, lakini ukikawia kidogo unaweza kuunguza koili ya geji. Utaratibu wa Toyota kwa magari ya kizazi hicho ni kupitisha umeme kwenye taa ndogo ya majaribio ya wati 3.4, ya nyuzi na siyo ya LED. Upande mmoja wa taa uunge na waya uliouchomoa, upande wa pili na ethi safi. Swichi ikiwa ON taa inawaka, hata kama ni hafifu, na mshale unasogea upande wa joto. Taa inazuia umeme usipite mwingi kupita kiasi.

Kwa gari lako dau letu liko kwa senda. Huenda kwako ni kifaa kisicho chake: mtu alibadilisha senda zamani na mpya ilikuwa ya gari jingine. Uzi unalingana, kichwa kinalingana, ila ukinzani wa ndani ni tofauti kabisa. Ifungue injini ikiwa baridi, uwe na kitu cha kuziba tundu ili maji yasimwagike yote. Chukua sufuria ya maji, mita ya umeme na kipimajoto cha maji. Zamisha pua ya senda tu mpaka kwenye uzi, kituo cha waya kibaki nje. Waya mmoja wa mita ushike mwili, wa pili ushike kituo. Kipimajoto kisiguse kitako cha sufuria, maana kitako kina moto kuliko maji.

Kwa senda za geji za Toyota za enzi hizo, unatarajia kama omu 226 kwenye nyuzi 50 za sentigredi, na kama omu 26 kwenye nyuzi 115. Hizo 115 hutazifikia kwenye sufuria, lakini ukifika nyuzi 80 mita inapaswa kuwa imeshuka chini ya omu 100, na imeshuka bila kurukaruka. Mita ikiruka kutoka 150 hadi 20 kisha ikarudi, senda imepasuka ndani. Ikisoma omu 30 au 40 maji yakiwa bado ya bomba, umempata mwongo wako.

Nenda na mita dukani. Senda ya geji ikiwa kwenye joto la kawaida husoma mamia ya omu. Sensa ya kompyuta ya injini husoma maelfu. Swichi ya taa ya tahadhari husoma sifuri au haisomi kitu. Kwa macho zinafanana, na muuzaji mwenye haraka atakupa iliyo karibu na mkono wake. Angalia pia usichanganye na sensa ya plagi za kupasha inayokaa jirani. Fuata waya, usifuate umbo.

Ikiwa mshale ulibaki juu baada ya kuchomoa, toa waya wa negativu wa betri, chomoa soketi ya nyuma ya dashibodi, kisha pima kati ya waya wa senda na bodi. Mita inatakiwa isionyeshe muunganiko wowote. Ikionyesha, tafuta pale waya unapopita karibu na mkono wa oltaneta, kwenye vibano vya bati juu ya injini, na kwenye mpira unaovuka ukuta wa kabini. Mpira huo ukikauka na kudondoka, bati linakata waya polepole kwa mtikisiko. Waya ukiwa mzima, shida iko kwenye geji. Kabla ya kununua dashibodi nzima, geuza ile uliyonayo. Zile skrubu na nati ndogo zinazoshika geji kwenye karatasi ya saketi ndizo zinazopitisha umeme. Barabara za vumbi na mashimo huzilegeza. Futa kutu, kaza kwa mkono mwepesi, jaribu tena.

Na thamostati irudishwe. Katika injini ambazo thamostati ina sahani ya chini, sahani hiyo huziba njia ya mkato pale injini inapopata moto ili maji yote yalazimike kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji yanazunguka ndani bila kupoa. Ndiyo maana gari lililotolewa thamostati huwa baridi mno asubuhi na huchemsha mlimani mchana. Nunua iliyopigwa namba ile ile ya nyuzi. Nyingi za injini hizi ni 82. Kivalvu kidogo cha kutolea hewa kikae juu.

Swali: Habari za kazi. Pikapu yangu inachemsha, maji yanatokota na kujaa kwenye chupa ya akiba, lakini geji iko katikati vilevile kama kawaida. Nimeambiwa geji ni mbovu. Nimebadilisha senda, mpya nayo inasoma katikati. — Msomaji, Mbeya

Jibu: Senda yako ya zamani huenda ilikuwa nzima, pole. Mbeya mjini mko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yasiyo na kifuniko huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Dizeli nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 82 na 95. Kwa maneno mengine, injini yako inaweza kuwa kwenye joto lake halali kabisa, mshale ukasema kweli, na maji bado yakatokota.

Kinachozuia hali hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilichopigwa 0.9 huongeza shinikizo la karibu baa 0.9 juu ya lile la hewa, na kwa mwinuko wenu hilo linasogeza mchemko hadi karibu nyuzi 115. Springi ikichoka au mpira wa ndani ukikatika, unarudi kwenye 94. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko uangalie mpira wa chini: ukiona mfereji uliochimbwa na mdomo wa rejeta, au mpira umekuwa mgumu kama plastiki, tupa. Angalia pia kile kivalvu kidogo cha katikati. Kivute kwa kucha, kiachie, kirudi chenyewe. Gereji yenye pampu ya kupimia rejeta itakipima kwa dakika moja. Kwa vifuniko vya Toyota vya 0.9, kikishindwa kushika 0.6 hakifai. Usifunge kifuniko chenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza kinga. Unahamishia mzigo kwenye mipira na rejeta iliyozeeka.

Ikiwa kifuniko kipya hakikubadilisha kitu, tazama mdomo wa rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Jaza maji hadi juu, acha wazi, washa. Mapovu yanayotoka mfululizo kabla maji hayajapata hata uvuguvugu ni hewa ya mwako inayopenya kwenye gasketi ya hedi. Hapo ndipo hedi inafunguliwa.

Jambo moja la mezani kwako: ukipima thamostati kwenye sufuria huko Mbeya, ile ya 82 itaanza kufunguka vizuri, lakini kipimo cha kitabu cha kufunguka milimita 8 au zaidi ni cha nyuzi 95, na maji yako yanaishia 94. Ukipata milimita 7 na kitu usiilaumu.

Swali: Nipo Machakos. Nina Hilux Vigo ya dizeli, 2KD. Mshale haunyanyuki kabisa na taa ya injini imewaka. Fundi anataka kuchomoa waya wa sensa na kuushusha ethi aone kama geji itapanda. Nimruhusu? — Msomaji, Machakos

Jibu: Mwambie asubiri. Kipimo hicho ni cha magari ya senda ya waya mmoja. Kwenye gari lako sensa ina nyaya mbili, inaripoti kwa kompyuta ya injini, na kompyuta ndiyo inayoiambia dashibodi mshale ukae wapi. Sensa haigusani na geji.

Anza na mashine ya kusoma makosa. Namba P0117 inamaanisha volti ya sensa iko chini kuliko inavyowezekana, yaani nyaya zimegusana au waya wa ishara umegusa ethi. P0118 ni kinyume chake: volti iko juu mno, waya umekatika au soketi haishiki. Kisha fungua ukurasa wa data hai (vipimo vya sensa vya wakati huo huo) asubuhi injini ikiwa baridi. Joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kuwa karibu sawa, na yote mawili yakaribiane na hali ya hewa ya nje. Moja likiwa mbali, limejitaja.

Ukiona nyuzi −40, hiyo ni lugha ya kompyuta ya kusema waya umekatika. Chomoa soketi ya sensa, unganisha matundu mawili ya upande wa nyaya kwa kipande kifupi cha waya, soma tena. Ikiruka hadi 140, nyaya na kompyuta ni wazima; badilisha sensa. Ikibaki −40, fuata nyaya kuelekea kwenye kompyuta. Kamwe usiunganishe tundu lolote hapo na umeme wa betri. Sensa yenyewe ukiipima inapaswa kusoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Usiendeshe hivyo muda mrefu. Kompyuta ikikosa taarifa hujiwekea nyuzi 80 na kuendelea na kazi, kwa hiyo asubuhi ya baridi gari linaweza kusumbua kuwaka na kutoa moshi mweupe, na siku maji yakivuja hakuna mshale wa kukuonya.

Ikiwa hakuna namba yoyote ya kosa na data inaonyesha maji yanabaki nyuzi 60 hivi barabara kuu kisha yanapanda ukiwa kwenye foleni, hapo geji ni nzima na thamostati imeganda ikiwa wazi. Mwisho, data ikisoma 85 na mshale ukabaki C, ndipo uiangalie dashibodi. Wengi huanzia huko.

Swali: Nikipanda mlima na mzigo mshale ulipanda hadi karibu na H, kisha ghafla ukaanguka C. Nikajua imepoa, nikaendelea. Kilomita chache mbele injini ikafa. Geji ilinidanganya? — Msomaji, Iringa

Jibu: Pole sana, ndugu. Geji ilisoma ilichokigusa. Senda inapima maji. Maji yakiisha au yakigeuka mvuke pale ilipofungwa, pua yake inabaki hewani, na hewa haiwezi kuipasha kama maji. Mshale unaanguka huku hedi ikiungua.

Kwa wengine wanaosoma: mshale uliokuwa juu ukianguka mara moja, bila mteremko wala mvua wala kupunguza mwendo, zima injini hapo hapo. Joto la kweli hushuka pole pole. Usifungue kifuniko mpaka ukiweza kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuachia, na hiyo ni zaidi ya nusu saa. Usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyokauka. Chuma cha hedi kinapasuka.

Mshale unaweza pia kuanguka kwa mfuko wa hewa uliobaki baada ya kubadilisha maji, na huo hupanda na kushuka ovyo. Kuutoa: egesha pua ya gari ikitazama juu ya mwinuko, weka hita ya kabini kwenye joto kabisa, jaza, acha kifuniko wazi, washa taratibu mpaka thamostati ifunguke, ukiminya mpira wa juu na kuongeza maji kadiri yanavyoshuka. Funga, acha ipoe, kagua tena.

Kabla hujaiwasha injini yako tena, fundi akague hedi kwa rula iliyonyooka. Tatizo lako sasa limeshavuka geji.

Swali: Land Rover Series III, petroli, ya kubeba mizigo. Geji ya mafuta na ya joto zote zinasoma juu kwa pamoja. Tangi nikijaza nusu linasoma kama limejaa. — Msomaji, Isiolo

Jibu: Geji mbili zikiharibika siku moja, tafuta wanachoshirikiana. Kwenye gari hilo ni kidhibiti volti kidogo cha bati kilichofungwa nyuma ya dashibodi, kinachozilisha geji hizo mbili kwa wastani wa volti 10. Kinafanya hivyo kwa kukata na kuunga umeme wa betri mara kwa mara. Mwili wake ukipoteza ethi, kidhibiti hakikati tena. Geji zinapata volti 12 au zaidi na zote zinapanda.

Fungua skrubu inayokishikilia, piga msasa bati mpaka ling'ae pande zote mbili, funga tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo, bila gharama. Ukitaka kupima, mita ya kidijitali itakuchanganya kwa kurukaruka kati ya 0 na 12. Tumia mita ya mshale, au taa ndogo ya majaribio kwenye tundu la kutokea. Taa ikimwekamweka kwa mpigo, kidhibiti kinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja bila kukatika na ethi ni safi, kimekwisha.

Kinyume chake, geji zote mbili zikilala kabisa, anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za zamani angalia pia taa za kurudi nyuma: mara nyingi zinakula fyuzi hiyo hiyo ya GAUGE, na zikiwa zimezima pia umeokoa saa nzima ya kutafuta.

Swali: Mshale wangu unapanda kidogo kila nikiwasha taa kubwa usiku, ukizima unashuka. Injini inajua vipi kwamba nimewasha taa? — Msomaji, Tanga

Jibu: Haijui. Ethi ya dashibodi au ya injini imelegea, na umeme wa taa unatafuta njia ya kurudi kwenye betri kupitia mahali pasipo pake. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye negativu ya betri (kwenye nguzo yenyewe, si kwenye kibano), wa pili kwenye bloku ya injini. Taa zote zikiwaka, mita isizidi volti 0.1. Mwenzako akipiga stata, isizidi 0.5. Ikizidi, fungua ule mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi, piga msasa mpaka chuma cheupe, kaza, kisha paka grisi juu. Tanga pwani, chumvi hewani. Mkanda unaoonekana mzima kwa nje huwa umeoza ndani ya ganda. Rudia kipimo kati ya negativu na ethi ya dashibodi.

Kosa la jamaa yake: seal tepu ya mabomba kwenye uzi wa senda ya waya mmoja. Senda inapata ethi kupitia uzi huo. Mizunguko minne mitano ya tepu inaitenga na bloku, na mshale unasoma chini kuliko kweli, jambo la hatari kuliko kusoma juu. Uzi huo umechongwa ukipungua kuelekea mbele na unajiziba wenyewe. Ukiona lazima, paka gundi nyembamba ya kuzibia kwenye nyuzi za juu tu.

Swali: Nimenunua kile kipimajoto cha kupiga mwanga. Kinasoma nyuzi 55 kwenye nyumba ya thamostati wakati geji iko katikati. Nani mwongo? — Msomaji, Dodoma

Jibu: Huenda ni ule mng'aro wa alumini. Chuma king'aavu kinarudisha joto la vitu vya jirani badala ya kutoa lake, na kifaa kinasoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme au paka rangi nyeusi isiyong'aa, subiri kidogo, piga hapo. Sogea karibu: kifaa cha 12:1 (umbali ni mara 12 ya upana wa duara linalosomwa) ukiwa sentimita 30 kinasoma duara la sentimita 2.5, na ukiwa mita moja duara la sentimita 8, lenye feni, mikanda na hewa ndani yake. Ile nukta nyekundu inaonyesha katikati tu. Ukipiga kwenye mpira wa rejeta tarajia nyuzi kadhaa chini ya maji ya ndani.

Swali: Nataka kufunga geji ya pili yenye namba halisi, hii ya kiwandani siiamini. Tundu lipo kwenye injini yangu ya Kijapani, lakini senda ya geji mpya inaingia mizunguko miwili halafu inagoma. Nikaze? — Msomaji, Eldoret

Jibu: Usikaze hata kidogo zaidi. Geji nyingi za ziada huja na senda yenye uzi wa 1/8 NPT wa Kimarekani, nyuzi 27 kwa inchi. Tundu la injini ya Kijapani ni 1/8 PT, nyuzi 28 kwa inchi. Kwa macho ni pacha. Ukilazimisha itaingia, itakata uzi wa alumini, na siku ya kwanza maji yakipata shinikizo itavuja. Nunua adapta ya kutoka PT kwenda NPT, au kipande cha bomba chenye tundu kinachokatwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Ukichagua hicho cha mpirani, kumbuka kimezungukwa na mpira pande zote: senda ya waya mmoja haitapata ethi mpaka ufunge waya kutoka kwenye kipande hicho hadi kwenye injini. Na senda ya kiwandani iache palepale iendelee kulisha geji yake. Senda moja haiwezi kulisha geji mbili; zote mbili zitasoma uongo.